Mkaguzi wa hesabu za maji hutafuta nini?

Tangu mwaka wa fedha ulipofungwa tarehe 30 Juni, wateja wa Kisumu na Nakuru wanatuuliza sisi wakaguzi: kampuni ya maji ikipata hati safi, mbona mfereji ni mkavu?

Hati safi haisemi kwamba maji yapo. Inasema hesabu zilizoandikwa zinaonyesha hali halisi ya fedha, bila kasoro kubwa. Kampuni yenye madeni shingoni inaweza kuipata, mradi madeni yameandikwa yote. Hili tumelieleza mara nyingi.

Kampuni ya maji ya kaunti huwasilisha taarifa zake kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia 30 Septemba. Kwa Kifungu cha 229 cha Katiba, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita tangu mwaka kufungwa, hadi 31 Desemba, kukagua na kutoa ripoti. Karani anayemnyima mkaguzi stakabadhi bila sababu ajue kwamba Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. "Faili limepotea" si jibu.

Lakini ukaguzi wa maji hauishii kwenye faili. Mkaguzi huchukua bili moja, tuseme ya nyumba ya mtaa wa Manyatta, Kisumu, akairudisha nyuma hadi kwenye mita. Mara nyingi hukuta kisanduku kimefukiwa, kioo kimejaa tope, na msomaji wa mita ameandika tarakimu ileile ya makadirio miezi mitatu mfululizo. Hapo mapato yaliyo kitabuni ni ya kubahatisha. Kisha analinganisha maji yaliyosukumwa na yaliyotozwa. Kampuni ikisukuma mita za ujazo 1,000 na kutoza 550, hizo 450 zimevuja, zimeibwa au hazikupimwa. Kiwango cha maji yanayopotea kinachovumiliwa nchini Kenya ni asilimia 25. Maji yanayozidi hapo, dawa ya kuyasafisha na umeme wa kuyasukuma vilishagharimiwa bila kuingiza chochote. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nawasihi wanaojiunganishia mabomba usiku waache.

Halafu amana uliyoweka ulipounganishiwa maji. Si mapato ya kampuni, ni deni utakaloidai siku ukihama. Mkaguzi huuliza fedha hizo ziko katika akaunti gani. Zikiwa zimelipia mishahara, itaandikwa.

Tafadhali msitutumie bili zenu tuzipunguze. Mkaguzi hana mamlaka hayo. Piga picha ya mita siku msomaji anapofika, peleka malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usiporidhika na jibu, nenda nayo Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, Wasreb. Bila nakala hiyo watakurudisha ulikotoka.