Bati likichemka: maswali kuhusu joto madarasani, zahanati na kumbi za Moshi

Kati ya Januari na Machi, kabla masika hayajashika, Moshi huwaka. Arusha wako juu zaidi, karibu mita 1,400, wanapata nafuu kidogo. Sisi wa huku chini tunakiona. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na walimu, wahudumu wa afya na wasimamizi wa kumbi.

Kwa nini darasani kunachoma kuliko nje chini ya mwembe?

Kwa sababu ya bati. Likipigwa na jua tangu saa tatu asubuhi, ikifika saa nane mchana halishikiki, na joto lake linawashukia walio chini kama makaa yaliyopaliwa juu ya mfuniko wa sufuria ya wali. Kwenye kliniki moja ya mama na mtoto niliyopita mwezi wa Februari, bodi mbili za dari zilikuwa zimeng'oka juu ya benchi la kusubiria. Kina mama walikuwa wamebanana kwenye ncha mbili za benchi, katikati pametupu. Hakuna aliyewapanga hivyo. Nilipoinua mkono chini ya lile tundu, nikaelewa.

Pesa ni kidogo. Tuanzie wapi?

Juu. Watu hukimbilia kununua feni, na mimi naona huko ni kuanzia mkiani. Rudisheni bodi zilizong'oka, acheni matundu ya hewa kwenye kenchi ili joto lililonaswa kati ya bati na dari litoke, kisha pakeni bati rangi nyeupe, maana nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Kama mnakinga maji ya mvua kutoka paa hilo, ulizeni kwanza kama rangi hiyo ni salama kwa maji ya kunywa, na mvua za mwanzo ziachwe zipite. Paa kuukuu la asbesto lisisuguliwe wala kutobolewa, kwani vumbi lake huharibu mapafu.

Upande wa magharibi, linakopiga jua la alasiri, pandeni mti au ongezeni kibaraza. Na mafundi mtanisamehe: haya madirisha ya aluminiamu ya kusukuma ni mazuri machoni, lakini hufunguka nusu tu. Yale ya luva tuliyoyang'oa yalikuwa yanapitisha hewa dirisha zima.

Feni inasaidia kweli?

Inasaidia, ila haipozi chumba. Inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Ndiyo maana asiyekunywa maji haifaidi sana. Hewa ikizidi nyuzi 40, feni humpulizia mtu joto badala ya kumwondolea; Shirika la Afya Duniani linashauri isitumike hapo. Kulowesha ngozi au nguo husaidia vizuri wakati hewa ni kavu. Masika yakianza na hewa ikajaa unyevu, jasho linakauka polepole na faida hiyo inapungua.

Halafu nyaya. Feni nne kwenye ekstensheni moja ni kutafuta moto. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu inayoua bila hata harufu ya kukushtua.

Tumepata kiyoyozi. Tufunge madirisha?

Kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, hapana. Viyoyozi vingi vya ukutani huzungusha hewa ileile ya ndani, kwa hiyo mwenye kifua kikuu akikohoa, wote mnaivuta. Afadhali joto kidogo na hewa inayopita. Kiyoyozi kipelekeni stoo ya dawa, kwani boksi nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30. Ofisini, ambako hakuna msongamano, kiwekeni nyuzi 27 na feni iwake. Mwili utaona kama kumepungua nyuzi nne hivi, na bili ya umeme itapungua pia.

Nani wa kuangaliwa zaidi?

Wazee, watoto wachanga, wajawazito, na wanaotumia dawa za presha zinazokojosha. Hao wa mwisho wasiache dawa, wamwone daktari. Kwa wanafunzi, mbio na michezo ifanyike asubuhi.

Kizunguzungu, kichwa kuuma na jasho jingi: mpeleke kivulini, apumzike, anywe maji taratibu. Akianza kuongea yasiyoeleweka, kudegedeka au kuzimia huku mwili unawaka, ni hatari ya kufa hata kama bado anatoka jasho. Tafuteni usafiri wa hospitali papo hapo, na wakati mnausubiri mvueni nguo za juu, mmwagieni maji, mpepeeni kwa nguvu, wekeni vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Maji yote yamwagwe juu ya ngozi yake, na mkipata gari, madirisha yawe wazi na mmoja aendelee kumlowesha njiani.