Kahawa ya alfajiri humwibia mfanyakazi wa zamu usingizi wa mchana

Mlinzi wa ghala aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akashinda mtaani Makorora, Tanga, na shughuli za nyumbani, kisha akaingia lindoni jioni, ikigonga saa nne usiku ameshakaa macho saa 17. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kuwa utendaji wa mtu aliyefika hapo hushuka sawa na wa mwenye gramu 0.05 za pombe kwa kila mililita 100 za damu. Na usiku bado mbichi.

Dawa yake ianze mchana. Kabla ya zamu ya kwanza lala alasiri kama dakika 90. Anayesema atalala akitoka amechelewa.

Saa ngumu zaidi ni kuanzia saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Joto la mwili huwa limeshuka mno, na ubongo unadai kulala hata kama taa za bandarini zinawaka kama mchana. Hapo karani husoma namba ya kontena mara tatu isimwingie. Dereva wa lori la kilomita 80 kwa saa akisinzia sekunde 4 tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe. Kufungua dirisha na kupandisha redio humsaidia dakika chache. Aegeshe mahali salama alale. Kwa sababu ya saa hizo ngumu, kazi za hesabu, za kupima dawa na za kuandika zimalizwe kabla ya saa nane usiku. Baada ya hapo bakizeni kazi za kutembea, na lisiloepukika likaguliwe na watu wawili.

Sasa kahawa. Tanga haina shida ya kahawa: muuzaji hupita na birika lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe, na kashata pembeni. Kosa liko kwenye saa ya kunywa. Kafeini huziba milango ambayo kemikali ya uchovu, adenosini, hupitia kuuambia ubongo ulale. Haiuondoi uchovu wenyewe. Huchukua dakika 30 hivi kushika, na kwa watu wengi nusu yake bado imo mwilini baada ya saa 5. Ukinywa saa kumi alfajiri, saa tatu asubuhi unajigeuza kitandani na nusu ya kahawa ile. Kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa zamu, na finjani ya mwisho iwe saa nane usiku. Kwa mtu mzima mwenye afya kafeini isizidi miligramu 400 kwa siku. Kwa mjamzito, 200. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina miligramu 80, na sukari tele.

Kama kazini kuna ruhusa ya kupumzika, finjani hiyo ya saa nane inywe mara moja, weka kengele ya dakika 20, ujilaze. Kahawa itashika muda mfupi baada ya kuamka. Usipitilize nusu saa: usingizi mzito ukikatwa, utaamka na mang'amung'amu. Hata ukiamka kwa wakati, nawa uso, tembea, na usiguse winchi wala folklifti kwa dakika 15.

Chakula kikuu kiliwe kabla ya kuingia kazini. Wali wa nazi wa saa saba usiku huelemea, kwani tumbo nalo hufuata saa ya mwili. Yai, tunda au uji mwepesi vinatosha, na maji.

Mirungi achana nayo kabisa. Ni haramu kisheria Tanzania, na hukuweka macho mpaka mchana unaotakiwa kulala.

Ukitoka, usikae barazani kusubiri supu juani. Mwanga wa asubuhi huiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Vaa kofia, nenda moja kwa moja kulala. Kipindi cha kaskazi chumba cha bati huwa tanuri kabla ya adhuhuri, hivyo lala mapema, ikiwezekana saa moja na nusu, katika chumba kisichopigwa na jua la asubuhi, na kanga mbili nzito dirishani na feni. Watu wa nyumbani waambiwe saa ya kukuamsha, simu izimwe.

Anayepata saa 7 za usingizi mchana na bado anasinzia, hasa akikoroma na pumzi kukatika, aende hospitali akapimwe.