Picha Zako Haziko Angani

Kwenye vibanda vya simu mjini Kisumu, mteja akiuliza picha zake za wingu (hifadhi ya mtandaoni) huhifadhiwa wapi, hukosi kusikia akijibiwa: "Ziko juu, setilaiti inazishika." Si kweli. Picha hutoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio hadi mnara wa karibu, na kuanzia hapo safari ni ya ardhini: nyaya za faiba mpaka Mombasa, kisha, mara nyingi, kebo zilizolazwa chini ya bahari kama SEACOM na TEAMS, zilizofika 2009. Mwisho wa safari ni jengo lililojaa kompyuta, lenye walinzi, jenereta na mitambo ya kupoza joto. Mei 2024 kebo za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu, intaneti ilijikokota Afrika Mashariki nzima. Setilaiti hazikuhusika. Hata anayetumia Starlink, intaneti ya setilaiti iliyoanza huduma Kenya 2023, setilaiti humpitishia data tu; haimwekei.

Wala wingu si jambo la juzi. Mwaka 1961 John McCarthy, mwanasayansi wa kompyuta Mmarekani, alitabiri kwamba huduma ya kompyuta ingekuja kuuzwa kama huduma ya simu. Amazon ilianza kukodisha hifadhi ya data 2006.

Majengo hayo ya kompyuta hula umeme vibaya sana. Ndiyo sababu Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Falme za Kiarabu, walipotangaza mpango wa kituo cha data Kenya mwaka 2024, waliichagua Olkaria, kaunti ya Nakuru, kwenye umeme wa jotoardhi.