Maji ya jirani wa juu: tulivyoamini na ilivyo

Nyumba yangu iko Mikindani, Mtwara, upande ambao kilima kinateremkia ghubani. Misimu minne ya mvua nimeamka usiku kutoa maji sebuleni kwa ndoo na dekio. Yalitoka kwa jirani wa juu, na kila msimu niliufuata ushauri mmoja niliookota kwenye baraza la kahawa. Karibu wote ulikuwa potofu.

"Maji ya mvua ni ya Mungu, hayana mwenyewe."

Hii ina nusu ya ukweli, ndiyo maana haifi. Maji yanayoteremka yenyewe, kama yalivyoteremka hata kabla ya Wajerumani kujenga boma lao hapa mwaka 1895, huwezi kumshitaki mtu kwayo. Lakini maji yaliyokusanywa na bati, yakapita kwenye gata, kisha yakatemwa na bomba moja mguuni mwa ukuta wako, hayo yana mkono wa mtu. Sheria ya madhara, ile ya kumdai fidia aliyekuletea hasara, tuliyoirithi kwa Waingereza, inatofautisha mambo haya mawili.

Piga hesabu. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 linamwaga lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Na jirani alikuwa ametandaza vitofali vya saruji uani, mahali palipokuwa na mchanga na migomba. Mchanga ulikuwa unakunywa.

(Huku kwetu pesa za korosho huingia mwishoni mwa mwaka. Mtu anamwaga kifusi na kuinua uzio Novemba, mvua inamkuta Desemba hajawaza maji yatapita wapi.)

"Jenga ukuta, umemaliza kazi."

Nilijenga. Tofali za saruji, kozi sita, bila tundu hata moja la kupitishia maji. Udongo ulioloa nyuma ya ukuta ni mzito kuliko mtu anavyodhani, na maji yasipopata pa kutokea yanausukuma. Kabla msimu haujaisha ukuta ulikuwa umelala juu ya banda la kuku. Kilichoniuma zaidi: kwa zile wiki uliposimama, maji yalizunguka yakaingia kwa mama wa nyumba ya pili. Akaja kunigongea mlango kwa maneno yale yale niliyokuwa nikimwambia jirani yangu.

"Elekeza maji kwenye shimo la choo, yatanyonywa."

Hapana. Shimo linajaa, kinyesi kinapanda juu, halafu unaomba Mungu kipindupindu kisipite mtaani.

"Kumwandikia jirani barua ni kuvunja ujirani."

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko pote. Miaka miwili nilikwenda kwa mdomo. "Shikamoo mzee, yale maji..." "Marahaba mwanangu, tutayaangalia." Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, akapata jibu jipya: "Hii ni Hidaya, mwanangu, si mimi." Lakini maji yaliingia kwangu tangu alipoweka vitofali, kabla Hidaya haijapewa jina.

Tulipofika kwenye usuluhishi akasema kwa upole kabisa kwamba sijawahi kumlalamikia. Sikuwa na karatasi. Barua ya heshima iliyopitia kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala yako ikigongwa muhuri, haimtukani mtu.

Picha nazo nilikuwa nazo nyingi, zote za makochi yanayoelea. Zinaonyesha nimepata hasara, hazionyeshi maji yametoka wapi. Inayosaidia ni video uliyopiga mvua ikinyesha, ukianzia kwenye mdomo wa bomba lake na kuyafuata maji hadi kizingitini kwako, ikiwa na tarehe. Pamoja na picha ya mahali hapo hapo wakati wa kiangazi.

"Baraza la Kata litamhukumu."

Zamani lilikuwa na uwezo huo. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, kazi yake kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila mwafaka, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nilikaa miezi nikisubiri hukumu ambayo haikuwa na wa kuitoa.

"Toboa tu mtaro wa barabara."

Mitaro ya barabara za mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na kuunganisha mfereji wako kunahitaji ruhusa. Fundi aliyetaka kutoboa usiku nilimrudisha.

Sikufika wilayani. Video niliyoipiga baadaye ilipochezwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mzee aliitazama mara mbili, akaomba irudiwe. Bomba lake sasa linaingia kwenye tangi, na maji yanayozidi yanapita kwenye mfereji wa zege mpakani tuliochangia nusu kwa nusu, hadi mtaroni. Msimu uliopita sebule yangu ilibaki kavu. Kilichobaki ni majani ya mwembe wake yanayoziba mfereji. Anasema yakishaangukia upande wangu ni yangu.