Buffett hakutajirika kwa hisa za senti

Wiki hii nimeambiwa tena. Kijana, mteja wangu, alinisogezea simu mezani: kampuni ya Marekani, hisa moja senti 8 za dola. "Mjomba, hata Buffett alianzia hapa hapa." Yaani Warren Buffett, Mmarekani aliyetajirika kwa kununua hisa.

Hapana. Inaniuma kulisikia, maana pesa aliyotaka kuitia humo ni akiba ya miaka mitatu.

Wamarekani huiita hisa ya senti ile isiyofika dola 5. Sawa, lakini bei ya hisa moja haikuambii kama kampuni ni rahisi! Ukiuziwa kipande cha nguru shilingi 10, uliza nguru mwenyewe kakatwa vipande vingapi. Safaricom ilipouzwa kwa umma mwaka 2008, hisa ilikuwa shilingi 5 na watu wakaiona ya bure. Hisa zake ni bilioni 40. Zidisha: shilingi bilioni 200. Buffett, enzi za ujana wake, aliinunua Sanborn Map, kampuni ya ramani, kwa takriban dola 45 kwa hisa, huku vitega uchumi vilivyokuwa ndani yake vikifika kama dola 65 kwa hisa. Huo ndio urahisi aliokuwa akiutafuta.

Leo hata angetaka asingeweza. Kampuni nzima ya dola milioni 10 haimtoshi kwa lolote. Akianza kununua bei inaruka, akitaka kutoka hapati mnunuzi. Nilimwambia kijana afungue foleni ya oda: wanaouza, hisa laki tisa, wanaonunua, elfu nne. "Wewe utamuuzia nani?" Akanyamaza.

Lakini kuna Templeton, mwekezaji mwingine mzaliwa wa Marekani, naye hunisumbua. Mwaka 1939, vita vilipozuka Ulaya, John Templeton alikopa dola 10,000 akanunua hisa zisizozidi dola moja za kampuni 104, na 34 kati yake zilikuwa zimeshafilisika. Baada ya miaka minne alikuwa na kama 40,000. Wateja mimi huwaambia kwamba aliisambaza pesa, tena aliona vita vitafufua viwanda. Ni kweli. Ila vita vingekwenda vinginevyo, leo tungemtaja? Nimeliwaza hili miaka mingi na bado sijaridhika na jibu langu.

Kijana aliomba tuzisome hesabu za kampuni yake pamoja. Tulizitafuta hadi magharibi. Za mwisho zilikuwa za mwaka 2019.