Samaki mla magamba na mdomo wake uliopinda

Watu wakisikia kazi yangu ni tabia za wanyama, huniuliza swali lile lile: mnyama huzaliwa na tabia au hujifunza? Siku hizi nawajibu kwa mfano wa Perissodus microlepis, samaki wa Ziwa Tanganyika, wa ukoo mmoja na sato na perege. Chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Humnyemelea mwenzake kwa nyuma, akachomoka ghafla, akambandua magamba ubavuni na kutoweka.

Mdomo wake umepinda. Kuna waliopinda kulia, na hao hushambulia ubavu wa kushoto wa windo. Waliopinda kushoto hushambulia ubavu wa kulia. Jeni zina mkono hapo. Lakini je, samaki anajuaje ashike ubavu upi?

Takeuchi na Oda, watafiti wa Japani, walichapisha majibu mwaka 2017. Waliwachukua samaki waliokuzwa bila kuonja magamba ya samaki hai, wakawawekea windo. Mwanzoni walishambulia pande zote mbili. Kadiri walivyozoea, wakabaki na upande uliowapa mafanikio. Ila ukitazama mwili wenyewe, tangu shambulio la kwanza ulijikunja kwa kasi na nguvu zaidi kwa upande unaolingana na mdomo. Yaani nguvu ya upande ule amezaliwa nayo, kuuchagua amejifunza. (Nani sasa atachora mpaka hapo?)

Kisha kuna mazingira, na hapa simaanishi maji wala mawe. Mwaka 1993 mtafiti Michio Hori alionyesha kwamba idadi ya wa kulia na wa kushoto hupanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu. Wa kulia wakizidi, mawindo hulinda zaidi ubavu wa kushoto. Wale wachache wa kushoto wanakuta ubavu wa kulia haulindwi, wanashiba, wanazaa zaidi, hadi wawe wengi nao wabanwe vivyo hivyo. Jeni ile ile ni faida mwaka huu na hasara baadaye, kutegemea wangapi wengine wanayo.

Zamani ilidhaniwa jeni moja tu ndiyo inayopindisha mdomo. Vipimo vya baadaye vimekuta pia samaki wengi ambao midomo yao imepinda kidogo tu, karibu kunyooka. Mimi hilo halinishangazi: jeni nyingi zikichangia, wa katikati lazima watokee.