Zawadi ya Kigoma si dagaa peke yake

Ukiwa unasafiri kutoka Kigoma, hata kabla hujakata tiketi simu zinaanza kuingia: "Utatuletea nini?" Na anayeuliza jibu analo tayari. Dagaa na mawese. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, dagaa ndio walionisomesha, kwa hiyo sina neno baya juu yao. Ila kwa miaka sita sasa naishi kwa kuuza kitu cha tatu cha kutia kwenye mzigo huo: vitabu nilivyotunga mwenyewe na madaftari niliyoshona kwa mkono, vyote vimevalishwa kitenge. Duka langu lipo Mwanga, hapa Kigoma mjini, chumba kimoja tu, kabati la kioo mbele na meza ya kazi nyuma. Waandishi wenzangu mnaniuliza kila mara mambo haya yanaendaje, na nimekuwa nikijibu kwa vipande vipande. Leo nieleze yote.

Mambo yalianza kwa hasara. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa cha watoto, hadithi ya meli ya Liemba, meli ambayo kila mtoto wa Kigoma ameiona au ameisikia ikitajwa nyumbani. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku maelfu, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ikaja hapa kwa reli ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imefika ziwani mwaka 1914. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi ndiyo iliyonifanya niandike kitabu. Mtu anazamisha kitu chake huku akikitunza.

Nilichapisha nakala 300 kwa fedha ya mchezo wa upatu na akiba ya mwaka mzima, kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji mbali na hapa. Maboksi yalipofika nilifungua la kwanza palepale stesheni, nikabusu jalada. Nilipofika nyumbani nikaanza kukagua moja moja. Vitabu 60 vilikuwa na kurasa za 17 hadi 32 mara mbili, na za 33 hadi 48 hazimo kabisa. Kumbe karatasi moja kubwa ya mtambo hukunjwa ikawa kurasa 16, na kitabu changu cha kurasa 96 kilikuwa mikunjo sita kama hiyo. Aliyepanga alichukua mkunjo mmoja mara mbili akauruka mwingine. Nilipopiga simu niliambiwa nilishasaini kupokea mzigo. Nikalia siku mbili. Mwandishi mwenzangu, usisaini kitu kabla hujafungua maboksi na kupekua, hata kama dereva anakuharakisha.

Mama yangu ndiye aliyenikumbusha kwamba jirani yetu mmoja, mzee mstaafu, zamani alikuwa anafunga majalada ya vitabu vya hesabu vya ofisi. Nikamwendea na kitabu kimoja kibovu mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Lete nione."

Alikigeuza, akakinusa mgongoni pale penye gundi, akamwambia mjukuu wake alete pasi. Pasi ya moto wa wastani, juu ya mgongo wa kitabu, na karatasi katikati. Ile gundi ya kiwandani huyeyuka kwa joto. Ukihesabu hadi thelathini, jalada linaachia lenyewe na kurasa zinatoka bila kuchanika. Tukatoa zile zilizorudiwa. Kurasa za 33 hadi 48 nilizichapa kwenye steshenari ya mtaani, tukazipanga mahali pake, tukatoboa matundu matano ubavuni kwa msumari mwembamba, tukashona kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki. Nta ina kazi mbili: uzi hauchani karatasi, na fundo halilegei. Ushonaji huo wa ubavuni unakula karibu sentimita moja ya ukurasa upande wa ndani, kwa hiyo ukipanga kitabu chako acha sentimita mbili kamili upande huo. Mimi nilikuwa nimeacha moja na nusu, na kwenye nakala zile 60 ilibidi msomaji akilazimishe kitabu kufunguka.

Majalada ya zamani yalikuwa yameharibika kwa pasi, nikayavika kitenge kwa vipande vilivyobaki kwa mafundi cherehani wa mtaani kwetu. Nikaviweka vile 60 pembeni kama vitabu vya bei ya chini. Ndani ya wiki tano vikaisha vyote, na vile 240 vizima, vyenye jalada la kung'aa, vikabaki vimekaa.

Nilichukua muda kuelewa. Nilianza kuwauliza wanunuzi. Mwalimu aliyehamishiwa Singida alitaka kitu cha kuwapelekea wanafunzi wake wapya. Nesi alikuwa anampelekea mama mkwe. Hakuna hata mmoja aliyesema amenunua ili akasome. Wote walikuwa wanampelekea mtu. Sisi tunaandika tukimfikiria msomaji, lakini anayetoa fedha mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, naye anataka kitu ambacho mpokeaji akikishika atajua kimetoka wapi. Jalada la kung'aa linaweza kutoka popote. Kitenge kilichobaki kwenye gauni la mtu wa Mwanga kimetoka Mwanga. Tangu siku hiyo niliacha kujiita mwandishi mwenye duka la pembeni. Duka ndilo njia ambayo kitabu changu kinapita.

Sasa kuhusu kitenge, maana hapa ndipo wengi mnakosea. Ukipaka gundi moja kwa moja kwenye kitambaa, inapenya na kutokeza madoa upande wa juu, na hayatoki. Kitenge lazima kwanza kipewe mgongo wa karatasi. Mimi natumia gundi ya unga wa muhogo, kitu ambacho kila nyumba ya huku inacho. Unauchekecha kwa kitambaa, unakoroga vijiko viwili kwenye kikombe cha maji baridi, unabandika kwenye moto mdogo huku unakoroga bila kuacha. Itakuwa nyeupe kama maziwa, halafu ghafla itageuka, iwe nzito na yenye kuonyesha ndani kidogo. Hapo epua. Natia punje tatu nne za karafuu wakati wa kupika, kwa sababu ukungu na mende wanaipenda gundi hii kuliko sisi tunavyopenda ugali wake. Kitenge nakilaza kifudifudi kwenye kioo, nakilowesha kwa maji kidogo, nakinyoosha kwa kiganja kuanzia katikati kwenda pembeni. Karatasi nyembamba nyeupe naipaka gundi, naishusha juu yake polepole kama unavyomfunika mtoto aliyelala. Kisha nasubiri hadi kesho. Kikikauka kinabanduka kwenye kioo kikiwa kigumu kiasi, na sasa unaweza kukibandika kwenye kadi ngumu bila hofu.

Kwenye kadi kuna jambo lingine. Kitambaa kikikauka kinajikunja, na kinaivuta kadi iwe kama kigae. Dawa yake ni kubandika karatasi upande wa ndani siku hiyohiyo, ili nayo ivute upande wake, halafu kuweka tofali lililofungwa gazeti juu yake usiku kucha. Miezi ya mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, naweka usiku mbili. Nimewahi kukabidhi oda ya madaftari 20 ya harusi siku ya tatu ya mvua bila kusubiri, na bibi harusi akayapanga mezani yakiwa yameinuka pembe zote nne. Nilimrudishia fedha yote.

Mawese nayo yamenifunza. Mteja alinunua vitabu vitatu, akavitia kwenye mfuko mmoja na dumu la mawese, akapanda treni. Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 za kutikisika. Alinitumia picha: vitabu vyote vya rangi ya chungwa. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mimi binafsi niliifurahia hatua hiyo, ila ilibidi nitafute kinga nyingine. Nilichukua karatasi ya kaki, nikaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nikapitisha pasi juu yake ili nta inywewe. Karatasi hiyo haipitishi mafuta wala harufu ya dagaa kwa siku kadhaa, na inatosha hadi mtu afike. Kila ninapoipaka nawakumbuka wale mafundi wa Liemba na grisi yao. Nje ya karatasi unakuja mfuko mdogo wa kitenge wa kufunga kwa kamba, na watu wengi sasa wanaununua mfuko ule peke yake.

Bei. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nimeona duka zuri likifa kwa hesabu mbaya. Daftari langu la kawaida ni karatasi 40 za A4 zilizokunjwa katikati, kwa hiyo rimu moja inanipa madaftari 12. Rimu nikiinunua kwa 13,000, kila daftari limekula kama 1,100. Kadi ngumu 600, kitenge 500, uzi na gundi na nta 300. Jumla 2,500. Nilikuwa nauza 4,000 na kujipongeza kwa faida ya 1,500. Siku moja niliweka saa mezani. Daftari moja, toka kukunja hadi kuondoa tofali, lilikuwa linachukua saa moja na nusu ya mikono yangu, na kodi ya chumba sikuwa nimeigusa kabisa. Nilikuwa nauza usiku wangu kwa bei ya kikombe cha chai. Sasa daftari ni 8,000, na mwenye kuchukua kumi ili akauze anapata kwa 6,000. Mteja akisema "dada, si ni daftari tu," namkaribisha mezani aone. Wengine wananunua, wengine wanaondoka kwa amani. Sishuki chini ya 6,000 hata mwezi ukiwa mgumu, kwa sababu bei ikishuka mara moja mtaa mzima unajua.

Mali kauli, yaani kumpa mtu bidhaa akauze ndipo akulipe, fanya kwa tahadhari. Niliwahi kumpa mwenye duka la zawadi kwenye mji mwingine nakala 20, tukaaminiana kwa maneno; baada ya miezi minane zilirudi nakala nne, zimepauka kwa jua la dirishani. Sasa natoa kumi tu, kwa karatasi yenye tarehe ya kulipa au kurudisha. Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ombeni mapema kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, wala msimwachie mchapaji aiweke kwa jina lake.

Kuna anayeniuliza: unaandika saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja asubuhi, nyumbani, kabla mikono haijagusa gundi. Nilijaribu kuandika dukani kati ya mteja na mteja, nikapata kurasa zisizo na pumzi, kila aya imekatika mlangoni. Dukani naweka daftari dogo la kuandika maneno ninayoyasikia tu, na hayo ni mengi mno. Akina mama wanaoniletea vikapu kutoka Kasulu wakikaa nusu saa kusubiri hesabu, natoka na hadithi mbili.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote nililetewa na wateja wenyewe. Mtu akishanunua ananisogezea kitabu na kusema, "Niandikie hapo mbele maneno mazuri, si wewe ni mwandishi?" Mwanzoni nilikuwa na maneno yangu ya kawaida ya heri na baraka. Sikuyapenda, maana yanamfaa kila mtu. Sasa nauliza: unamwitaje mkiwa wawili? Mara ya mwisho mlicheka nini? Unataka afanye nini akifika huko? Watu wanaanza kwa aibu, halafu wanafunguka, na mara nyingi sentensi tayari wameshaisema wenyewe kabla sijafungua kalamu. Kazi yangu inakuwa kuisikia na kutoiharibu.

Mwezi uliopita aliingia mvuvi wa Kibirizi, bado ana magamba ya migebuka kwenye mkono wa shati. Binti yake wa kwanza alikuwa anakwenda kuanza chuo Dodoma. Akachagua daftari la kitenge cha bluu, akalipa, akasimama.

"Tumwandikie nini, baba?"

"Mwandikie asisahau kula."

Nikaandika hivyo hivyo, bila kuongeza. "Na lingine?"

Alitazama nje muda mrefu, kule barabara inakoteremkia mjini.

"Mwambie ziwa lipo."

Nikaandika chini yake. Akaomba nimsomee, nikasoma. Akaomba nisome tena, polepole. Kisha akakipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakitia ndani ya shati, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza.